Bidhaa ya mtoto inapoagizwa irejeshwe: mwongozo kwa wazazi wa Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Mwezi Aprili mwaka wa 2019, kampuni ya Fisher-Price ya Marekani ilitangaza kwamba inavirejesha vitanda vya kubembelezea watoto vilivyoitwa Rock 'n Play, vipatavyo milioni 4.7, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30 kuripotiwa. Januari 2023 tangazo hilo lilitolewa upya. Kufikia wakati huo vifo vilivyoripotiwa vilikuwa karibu 100, na angalau 8 kati ya hivyo vilitokea baada ya tangazo la kwanza. Vifo hivyo 8 ndivyo vilivyonifanya niandike mwongozo huu. Katazo lilikuwa limekwisha kutolewa, lakini kitanda kilikuwa bado ndani ya nyumba, na mtoto alikuwa bado analazwa humo.

Agizo la kurejesha bidhaa hutolewa na kampuni au na mamlaka ya serikali pale inapobainika kwamba kitu kina kasoro inayoweza kujeruhi au kuua. Wauzaji hutakiwa kukiondoa madukani, na waliokwisha kukinunua hutakiwa kuacha kukitumia, nao hupewa matengenezo ya bure, kitu kingine badala yake, au fedha zao. Agizo hilo hufuata njia ambayo bidhaa iliuzwa, yaani huanzia kiwandani, likaenda kwa muagizaji, kisha dukani, hadi kwa mnunuzi ambaye jina lake limeandikwa mahali. Huku kwetu vitu vya watoto havipiti njia hiyo moja. Kigari kinaweza kuwa kimetoka Uingereza katika shehena ya mitumba. Kiti cha gari kimeletwa na shangazi aliyerudi likizo kutoka ughaibuni. Kopo la maziwa limevushwa Busia. Kitanda kimenunuliwa katika kundi la WhatsApp la akina mama wa mtaa, na aliyekiuza naye alipewa na dada yake. Tangazo haliwezi kumfuata mtoto katika njia hizo zote. Mzazi ndiye anayepaswa kulitafuta, na hatua zifuatazo zinaeleza namna ya kufanya hivyo kwa simu ya kawaida yenye intaneti na daftari la shilingi chache.

Hatua ya kwanza: andika ulicho nacho

Kusanya mahali pamoja kila kitu ambacho mtoto hulala ndani yake, huketi juu yake, husafirishwa nacho, hula kwacho au hukitia mdomoni. Usisahau vilivyoko kwa bibi yake mashambani, wala vile vilivyowekwa darini vikimsubiri mtoto atakayefuata.

Kwa kila kitu, andika jina la kampuni, jina au nambari ya modeli, nambari ya bechi (yaani kundi la bidhaa zilizotengenezwa pamoja) au ya utambulisho, tarehe ya kutengenezwa, mahali ulipokipata na siku uliyokipata. Halafu piga picha mbili: moja ya kitu kizima, na nyingine ya lebo kwa karibu, kiasi cha kusomeka. Lebo nyingi huwa zimefichika, hivyo itabidi upindue na kuinua. Katika kigari cha kusukuma, tazama kwenye mabomba ya chuma chini ya kiti au karibu na magurudumu ya nyuma. Katika kiti cha gari, tazama upande wa chini na mgongoni, penye plastiki ngumu. Katika kitanda cha mbao kilichotoka kiwandani, toa godoro usome ubao unaolibeba, au tazama upande wa ndani wa kichwa cha kitanda. Kopo la maziwa huwa na nambari zake chini, au kwenye ukingo wa kifuniko. Kwa sababu hiyo, ukihamishia unga katika mkebe mwingine na kulitupa kopo, umetupa pia njia ya pekee ya kujua kama maziwa hayo ni salama.

Risiti iwekwe, na kama ulilipa kwa M-Pesa, ujumbe wa malipo ni ushahidi mzuri, kwa kuwa una tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Usiufute. Daftari lenyewe nashauri likae pamoja na kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, kwa sababu hicho ndicho kitu ambacho hakuna mama anayekubali kipotee.

Naeleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu nimelipata mwenyewe. Kigari cha kwanza cha binti yangu nilikinunua kwenye mitumba hapa Kisumu, na lebo yake ilikuwa imekatwa kwa makasi, ukabaki uzi tu. Muuzaji aliniambia kwamba lebo hukatwa zisimkune mtoto, nami nikaridhika. Baada ya miezi mitatu, komeo la kukunjia lilifyatuka tukishuka ukingo wa barabara, kigari kikajikunja mtoto akiwa ndani. Alitoka na mkwaruzo wa mkono, namshukuru Mungu, lakini nilipotaka kujua kama kasoro hiyo ilikuwa imetangazwa, sikuwa na jina la modeli, sikuwa na mwaka, sikuwa na nambari yoyote ya kuanzia. Tangu siku hiyo, kitu cha mtoto kilichokatwa lebo sikinunui hata kiwe kipya machoni na bei yake iwe ya kutupa, na nakuomba nawe usikinunue.

Hatua ya pili: tafuta matangazo

Anza na mamlaka za hapa nyumbani. Shirika la Ubora wa Bidhaa Kenya, KEBS, ndilo lenye mamlaka ya kuagiza bidhaa isiyotimiza viwango iondolewe sokoni. Dawa za watoto, zikiwemo za kikohozi na homa, ziko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Matangazo ya taasisi hizi hutokea kwenye tovuti zao na kurasa zao za mitandao, na mara nyingi husomwa pia katika taarifa za redio. Mfano ni wa Aprili 2024, ambapo Bodi ya Dawa na Sumu iliagiza kurejeshwa kwa bechi nambari 329304 ya dawa ya kikohozi ya watoto ya Benylin, baada ya maabara nchini Nigeria kuripoti kuwepo kwa kemikali ya sumu iitwayo dayethilini glaikoli. Aliyekuwa na chupa ya dawa hiyo kabatini alihitaji kusoma nambari moja tu kujua kama ni yake inayotajwa.

Bidhaa iliyo na alama ya ubora ya KEBS huwa na nambari ya kibali chini ya alama hiyo. Unaweza kuihakikisha kwa kutuma ujumbe mfupi kwenda 20023, ukiandika SM, kisha alama ya #, kisha nambari ya kibali bila kuacha nafasi. Jibu litataja kampuni na bidhaa iliyoruhusiwa. Likitaja kitu tofauti na ulichoshika mkononi, alama hiyo imebandikwa kwa udanganyifu. Bidhaa zinazoagizwa kutoka nje hupaswa kuwa na stika ya KEBS ya bidhaa za nje. Kopo la maziwa ya mtoto mchanga lisilo na stika hiyo lirudishe kwenye rafu, hata kama muuzaji ni mtu mnayejuana.

Ukimaliza hapo, geukia nchi ambako kitu hicho kiliuzwa kwa mara ya kwanza, maana mitumba mingi ya watoto imetangazwa huko, wala si hapa. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani ina orodha ya wazi kwenye cpsc.gov. Umoja wa Ulaya una mfumo uitwao Safety Gate. Serikali ya Uingereza nayo huchapisha matangazo yake kwenye gov.uk, na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi wa nchi nyingi, limekuwa likikusanya matangazo ya nchi nyingi mahali pamoja tangu mwaka wa 2012, kwenye globalrecalls.oecd.org. Huduma hizi hazitozi chochote. Andika jina la kampuni pamoja na modeli. Usipopata kitu, andika jina la kampuni peke yake na upitie picha, kwa kuwa modeli moja huuzwa kwa majina tofauti katika nchi tofauti. Kiingereza cha matangazo hayo kikikusumbua, mwombe kijana wa nyumbani akusaidie kukisoma, ila nambari zilinganishe kwa macho yako mwenyewe.

Usichukulie umri wa kitu kuwa ni sababu ya kutokitafuta. Mitumba ina maisha marefu. Kampuni ya Maclaren ilitangaza kurejesha vigari vipatavyo milioni 1 nchini Marekani mnamo Novemba 2009, kwa sababu bawaba za kukunjia zilikuwa zimekata ncha za vidole vya watoto, na kigari imara cha umri huo hakishangazi kukutwa barabarani hata leo. Vitanda vyenye upande mmoja unaoshuka na kupanda vilikatazwa kabisa Marekani kuanzia tarehe 28 Juni 2011, kuviuza vipya na kuviuza vikuukuu pia, kwa kuwa upande huo ulikuwa ukiachana na kitanda na kumbana mtoto katikati. Vifo visivyopungua 32 vilihusishwa nao tangu mwaka wa 2000. Ukiona kitanda cha aina hiyo kwenye mitumba, huna haja hata ya kutafuta nambari yake.

Hatua ya tatu: soma tangazo kwa makini hadi mwisho

Makosa mengi hutokea hapa. Mzazi husoma jina la kampuni, akaogopa na kutupa kitu kisicho na kasoro. Au husoma nusu, akatulia ilhali chake kimo. Tangazo huweka masharti kadhaa kwa pamoja, na bidhaa yako inahusika tu iwapo inayatimiza yote.

Chukua mfano wa maziwa ya unga ya watoto ya kampuni ya Abbott, yaliyotangazwa tarehe 17 Februari 2022 kwa hofu ya bakteria waitwao Cronobacter na Salmonella katika kiwanda kilichoko Sturgis, jimbo la Michigan. Tangazo lilitaja unga wa Similac, Alimentum na EleCare, lakini si kila kopo lenye majina hayo. Kopo lililohusika lilikuwa na nambari inayoanza na tarakimu mbili kati ya 22 na 37, nambari hiyo iwe na herufi na tarakimu K8, SH au Z2, na tarehe ya mwisho wa matumizi iwe 1 Aprili 2022 au baadaye. Sharti moja likikosekana, kopo hilo halikuwamo. Usomaji wa namna hii unataka mwanga wa kutosha, subira na mtu wa pili wa kuhakikisha, hasa kwa kuwa nambari za makopo huchapwa kwa wino hafifu.

Zaidi ya nambari, angalia mambo mawili. La kwanza ni hatari yenyewe: je, ni ya kukaba pumzi, kuanguka, kuungua, au sumu? Jibu litakuambia unapaswa kuharakisha kiasi gani, na kama mtoto anahitaji kupelekwa hospitali. La pili ni suluhisho linalotolewa. Waliokuwa na vigari vya Maclaren, kwa mfano, walipewa vifuniko vya kuziba bawaba, kwa hiyo mwenye kigari hicho hakuhitaji kukitupa bali kukiweka kando hadi vifuniko vifike.

Hatua ya nne: kitu chako kikilingana na tangazo, kiondoe sasa hivi

Usisubiri kesho, wala usingoje kampuni ijibu. Kitoe katika chumba cha mtoto, na kama kuna yaya au bibi anayemlea, mweleze kwa maneno ya wazi sababu ya kukitoa. Kilichofichwa kimyakimya nyuma ya mlango hurudi kitandani siku ambayo mama amechelewa kazini. Usijaribu kukitengeneza kwa waya, gundi au misumari. Kasoro nyingi zinazotangazwa ziko katika umbo lenyewe: kitanda chenye mwinamo, kwa mfano, hufanya kichwa cha mtoto mchanga kiangukie kifuani na kuziba njia ya hewa, na hakuna fundi wa kurekebisha hilo. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 2022 inakataza vitanda vya watoto wachanga vyenye mwinamo unaozidi digrii 10, pamoja na mito ya kuzungushia kingo za kitanda.

Swali linalofuata ni gumu zaidi kwa mzazi ambaye hana kitanda kingine: usiku wa leo mtoto atalala wapi? Mtoto mchanga anahitaji mahali tambarare na pagumu kiasi, alazwe chali, bila mto, bila blanketi zito na bila midoli. Godoro jembamba lililo imara, lililotandikwa shuka moja iliyokazwa juu ya mkeka sakafuni, chini ya chandarua kilichofungwa vizuri, ni salama kuliko kitanda cha bei kilichotangazwa kuwa na kasoro. Ukanda wa Ziwa una malaria, kwa hiyo chandarua si cha kuachwa kwa vyovyote. Ila kisilegee kiasi cha kumwangukia usoni. Na ule mto mdogo unaouzwa pamoja na vitanda vya chandarua vya kukunja, uondoe, kwa sababu mtoto wa chini ya mwaka mmoja hauhitaji.

Kama kilichotangazwa ni maziwa au dawa, acha kumpa papo hapo, funika kopo au chupa na uifunge ndani ya mfuko ulioandikwa wazi, bila kuitupa. Mtoto aliyekwisha kuyatumia akionyesha homa, kukataa kunyonya, kulia kusikotulizwa, kulegea, kutapika au kuharisha, mpeleke hospitali bila kungoja, iwe ni Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, hospitali ya rufaa ya kaunti kule Nakuru au Kakamega, au kituo chochote kilicho karibu nawe, na ubebe kopo lenyewe mkononi. Kwa dawa, ongeza dalili ya mtoto kukojoa kidogo au kutokojoa kabisa, kwa maana dayethilini glaikoli huharibu figo. Daktari akiona nambari ya bechi ataelewa mapema anachopaswa kukipima.

Hapa niongeze jambo ambalo mama wengi hawajaelezwa: maziwa ya unga hayana hakikisho la kuwa bila vijidudu hata yasipotangazwa. Shirika la Afya Duniani linashauri yakorogwe kwa maji yaliyochemshwa ambayo bado yana joto lisilopungua nyuzi 70, yapoozwe haraka chini ya maji baridi, na yasiyonywewa yamwagwe ndani ya saa mbili.

Kitu kilichotangazwa kwa sababu ya betri ndogo za kitufe ni cha dharura ya pekee. Betri hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Ukishuku tu kwamba mtoto ameimeza, mkimbize hospitali, na usimtapishe.

Hatua ya tano: dai kilicho chako

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kufidiwa anapopata hasara au jeraha kutokana na kasoro ya bidhaa. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka wa 2012 inajenga juu ya msingi huo. Kwa hiyo unaporudi dukani huendi kuomba hisani.

Ikiwa ulinunua kwenye duka la hapa nchini, rudi na kitu chenyewe, risiti au ujumbe wa M-Pesa, na tangazo lililochapishwa au lililohifadhiwa kwenye simu. Omba kuonana na msimamizi, na omba jibu la maandishi. Ikiwa kitu kilitoka nje, iandikie kampuni moja kwa moja kwa anwani iliyo ndani ya tangazo. Barua haihitaji urefu: «Mimi ni mzazi niishiye Nakuru, Kenya. Nina kigari chenu cha modeli hii, nambari hii, kilichotengenezwa mwezi huu. Nimesoma tangazo lenu la tarehe fulani na nimeacha kukitumia. Nimeambatisha picha za lebo. Naomba mnieleze namna nitakavyopata suluhisho mliloahidi.» Kampuni nyingine hujibu kwamba suluhisho ni kwa wakazi wa nchi fulani pekee. Andika tena mara moja ukieleza kwamba hatari haibadiliki kwa kuvuka bahari. Ikishindikana, hifadhi jibu lao na uendelee na hatua inayofuata. Kukosa fidia kusikufanye urudie kukitumia.

Tahadhari: hakuna kampuni inayohitaji nambari yako ya siri ya M-Pesa, wala hakuna ada ya kulipwa kwanza ili urudishiwe fedha. Anayedai hivyo ni mwizi.

Hatua ya sita: ripoti

Ripoti yako inaweza kuwa ya kwanza kwa mamlaka kuisikia, na hata kitu kisichotangazwa popote kinapaswa kuripotiwa kikimwumiza au kukaribia kumwumiza mtoto. KEBS ina ofisi za kanda Kisumu, Nakuru na Eldoret, na nambari ya simu isiyolipiwa ya 1545. Eleza kitu ni gani, kilinunuliwa wapi, kilifanya nini, na mtoto alikuwa katika hali gani wakati huo. Usisafishe wala kutengeneza kitu kabla hakijapigwa picha. Dawa ziripotiwe kwa Bodi ya Dawa na Sumu, au kupitia mfamasia wa hospitali. Muuzaji anayeendelea kuuza bidhaa iliyokatazwa anaweza kushtakiwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hupokea malalamiko ya watumiaji bila malipo. Fidia ya fedha ikikataliwa, madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili.

Hatua ya saba: usikipitishe kwa mtu mwingine

Desturi yetu ni njema: mtoto akikua, nguo na vyombo vyake hupewa mdogo wake, kisha binamu, kisha jirani aliyejifungua majuzi. Mimi mwenyewe nimelelewa katika desturi hiyo na sina nia ya kuipinga. Lakini kitu kilichotangazwa hakipaswi kuingia katika mzunguko huo hata kwa nia safi, na wala hakipaswi kupelekwa kanisani, kwenye makao ya watoto, au kuachwa kando ya jaa kikiwa kizima. Mwenye mkokoteni anayenunua vyuma kuukuu atakiokota, atakifuta vumbi, na kabla ya juma kwisha kitakuwa kinauzwa sokoni kwa mama mwingine ambaye hajui kilichokupata wewe.

Kwa hiyo kiharibu kwanza, baada ya kuhakikisha kwamba kampuni haikihitaji kikiwa kizima. Kampuni nyingi hutaka picha tu ya kitu kilichokatwa. Katika kiti cha gari, kata mikanda yote karibu na plastiki, chana kitambaa, na andika kwa kalamu nene isiyofutika kwamba kina kasoro, kisitumiwe. Katika kigari, toa magurudumu na kata kitambaa cha kiti. Kitanda kivunje mbao moja moja. Maziwa yamwage chooni na ulitoboe kopo. Usimpe ng'ombe wala mbwa. Dawa irudishe kwenye famasia.

Ikiwa umekwisha kukitoa zawadi au kukiuza kabla ya kusoma tangazo, mtafute uliyempa. Najua mazungumzo hayo yana aibu, hasa kama ni shemeji au mama mkwe aliyepokea kwa furaha. Mwambie hivi bila kuzunguka: «Dada, kile kitanda nilichokuletea kimetangazwa kuwa na kasoro, nami sikujua. Tafadhali usimlaze mtoto tena humo, nitakuja kukichukua leo.» Mtumie picha ya tangazo, na umwulize kama naye amekipeleka kwingine. Nilipofanya hivi mara moja, kitu kilikuwa kimeshafika nyumba ya tatu, Luanda ya kaunti ya Vihiga, na ilinichukua siku mbili za simu kukipata.

Vitu ambavyo hakuna atakayevitangaza

Sehemu kubwa ya vitanda vya watoto katika miji yetu hutengenezwa na mafundi wa jua kali, na wengi wao ni hodari kweli. Lakini kitanda cha fundi hakina bechi, na kwa hiyo kikiwa na kasoro hakuna atakayekuita. Ukaguzi ni wako. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Kipimo cha haraka ni mkebe wa kawaida wa soda, wenye kipenyo cha sentimita 6.6 hivi, ambao haupaswi kupita kati ya fito. Ukipita, mwili wa mtoto unaweza kupita na kichwa kikabaki. Kati ya godoro na ubao wa kando pasiingie zaidi ya vidole viwili. Nguzo za pembeni zisichomoze juu, kwa kuwa nguo au kamba hunasa hapo. Rangi nayo uliza ni ya mkebe gani, na uombe kuuona, maana rangi yenye madini ya risasi ni sumu kwa mtoto anayetafuna ubao akiota meno, na kiwango kinachokubaliwa Kenya ni sehemu 90 tu kwa milioni.

Viti vya gari vya mitumba vina sharti moja la ziada: usitumie kilichowahi kuwa ndani ya gari lililogongwa, au ambacho tarehe yake ya mwisho, iliyochapwa kwenye plastiki, imepita. Kama muuzaji hawezi kukuambia historia yake, kiache.

Vigari vya duara vya kujifunzia kutembea navyo nitavitaja kwa jina la hatari yake, ambayo ni ngazi. Kanada ilivikataza kabisa Aprili 2004, kuviuza vipya na vikuukuu, kwa sababu mtoto ndani yake hufika penye ngazi au jiko kwa kasi kuliko mtu mzima anayemkimbilia. Hapa Kenya bado vinaning'inia mbele ya maduka, na maoni yangu ni kwamba mkeka mpana sakafuni humfundisha mtoto kutembea vizuri zaidi.

Siku za kukagua upya

Matangazo mapya hutoka kila juma, kwa hiyo ukaguzi wa mara moja hautoshi. Njia niliyoiona inawafaa akina mama wengi ni kuufungamanisha na siku za chanjo: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, mwezi wa 9 na mwezi wa 18. Foleni ya kliniki ni ndefu, kijitabu kiko mkononi, na daftari limo ndani yake. Pitia nambari zako moja baada ya nyingine kwenye simu ukiwa umeketi hapo, weka alama ya tarehe kando ya kila kitu ulichokihakikisha, na kama aliyeketi kando yako ana kigari kinachofanana na kilichotangazwa, mwonyeshe.